Miaka Yangu ya Kuuza Mvinyo wa Pili

Wengi wenu mmenifahamu nikiwa tayari na duka langu pale Galerie d'Ixelles, hapa Brussels, katikati ya saluni mbili za nywele, kwa hiyo mnadhani nilizaliwa na kizibuo mkononi. Sivyo. Nilianzia Uccle, kwenye stoo ya chini ya duka la watu, nikifuta vumbi kwenye chupa ambazo nilikatazwa hata kuzigeuza. Na neno la kwanza nililoambiwa kuhusu mvinyo wa pili lilikuwa la uongo, ingawa aliyeniambia alilisema kwa nia njema kabisa.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi za kusimama nyuma ya kaunta, iwe ya simu, ya dawa au ya vinywaji. Ya mvinyo chukueni mkitaka. Mengine yatawafaa hata mkiuza viatu.

Mimi ni mtu wa Hombolo, Dodoma. Nikiwaambia Wabelgiji kwamba kwetu tunalima zabibu wananiangalia kama mtu anayetania, na Wakenya wa hapa ndio kabisa hawataki kusikia. Lakini baba alikuwa na shamba lake la zabibu, na mimi nilijua kupogoa kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Nyumbani tuliita waini, kanisani padri aliita divai, vitabuni wameandika mvinyo. Hapa nitasema mvinyo ili tusipoteze muda. Brussels nilikuja na mume wangu, dereva wa ubalozi. Mkataba wake ulipokwisha akarudi, akapata maisha mengine. Mimi nikabaki na watoto wawili waliokuwa shuleni. Hayo yanatosha, maana si ya kazi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mwenye duka alikuwa Madame Solange, mjane mrefu mwenye sauti ndogo, aliyeweza kumfukuza mteja mlevi bila kuipandisha. Alinichukua kufanya usafi. Wateja wake walikuwa watu wa ile mitaa yenye miti mingi: madaktari, mawakili, watumishi wa taasisi za Ulaya. Walikuja Jumamosi na mbwa zao, wakanunua chupa mbili tatu, wakaondoka na habari za mwaka gani mvua ilinyesha vibaya Bordeaux.

Siku moja dereva aliyeleta mzigo aliniona nikisoma lebo ya kasha moja. Jina sikulifahamu, lakini pembeni palikuwa na alama ya shamba kubwa ambalo chupa zake Madame alizifungia kwenye kabati la kioo. Dereva akaniambia, "Usihangaike na hiyo. Hayo ni makombo. Wanamaliza kutengeneza ule mzuri, yanayobaki wanayatia humo."

Nikaamini. Nani angenikosoa? Alikuwepo mmoja tu: Papa Ilunga.

Papa Ilunga alikuwa mtunza stoo, mtu wa Likasi, Kongo, mwenye mashati ya mikono mirefu yaliyopigwa pasi hata siku ya kubeba makasha. Alikuwa ameishi na chupa zile miaka mingi kuliko Madame mwenyewe. Nilipomwuliza kwa nini tunauza makombo ya watu, aliweka chini kasha alilobeba, akajinyoosha mgongo.

"Maman Neema, nani anakuambia ni makombo?"

"Dereva."

"Bon. Chauffeur anajua barabara. Sasa sikiliza. Wee unajua football?"

"Kidogo."

"Coach iko na bachezaji mingi. Anachagua onze. Bengine banabakia ku banc. Bale ba ku banc, banatoka équipe ingine?"

"Hapana."

"Voilà. Ni terrain moja, coach moja, banakula pamoja. Ni vile tu hawako tayari, ao hawaingii mu jeu ya ile siku. Njo deuxième vin."

Uwanjani wanaingia kumi na mmoja, na wa banc, wa kwenye benchi, ndio deuxième vin, mvinyo wa pili. Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo, na nimewahi kukaa kwenye mafunzo ya watu wenye vyeti. Mizabibu michanga haijapata nguvu ya kuingia kwenye chupa kuu. Tangi jingine limetoka zuri lakini halikubaliani na mengine. Wenye shamba hawamwagi. Mvinyo huo wanaupa jina jingine, lebo nyingine, bei ya chini, na unatoka mlango ule ule. Tena unanyweka mapema. Ule wa kwanza unaweza kukaa chini ya ardhi mpaka mtoto wako aoe, wakati wa pili unaufungua mwaka wa tano au wa sita na unakuwa tayari kuongea na wewe.

Papa Ilunga akanifundisha kusoma lebo. Msidhani ni elimu kubwa. Angalia kwanza chini kabisa, kwenye herufi ndogo zinazochosha macho: mvinyo umetiwa chupani wapi? Kama ni pale pale shambani, wamesema. Kama hawajasema, jiulize kwa nini. Halafu tazama jina la mahali. Likitajwa kijiji au eneo dogo, ni jambo moja. Likitajwa mkoa mzima, ni jambo jingine. Herufi kubwa za dhahabu soma mwisho, kwa sababu hizo ziliwekwa pale ili uzisome kwanza.

Na viuno vyenu vitunzeni. Kasha la mbao linainuliwa kwa magoti, si kwa kiuno. Papa Ilunga alinipigia kelele kuhusu hilo mpaka nikamchukia, na leo kiuno changu ni kizima huku wenzangu wa umri huu wanatembea wamejishika.

Baada ya muda Madame alinipandisha juu, nikawa ninauza. Kulikuwa na mama mmoja wa Uccle, mke wa daktari wa meno, aliyenunua mvinyo wa pili kila mwisho wa mwezi na kunisihi nimfungie kwa karatasi nene. Nyumbani alikuwa anaumimina kwenye jagi la kioo kabla ya wageni kufika, kisha chupa anaipeleka mwenyewe kwenye kontena la kutupia vioo, mtaa wa pili, ili jirani asiione. Nilimwuliza kama wageni huusifu. Akasema, sana. Nikamwuliza basi anaficha nini. Akafikiri, akacheka, akasema hajui. Lakini mwezi uliofuata alitaka karatasi nene vile vile. Sikumcheka, wala ninyi msimcheke mteja wa namna hiyo. Aibu ya watu haiondoki kwa sababu wewe umeuliza swali zuri.

Mwishoni mwa muongo ule mambo yalibadilika. Wanunuzi wapya waliingia sokoni kutoka mbali, Asia hasa, na bei za nyumba kubwa, yaani yale mashamba yenye majina makubwa, zikapanda mpaka wateja wetu wa Jumamosi wakabaki kuzitazama chupa zake kwenye kabati kama watu wanaotazama vito. Wakahamia kwenye mvinyo wa pili. Nao ukapanda. Wakati huo huo nyonga za Madame zilikuwa zimechoka, akahamia pwani kwa binti yake, na duka akamwachia mtoto wa kaka yake, Benoît.

Benoît hakuwa mtu mbaya, na hilo ninalisema mapema ili msimhukumu kabla ya wakati. Alikuwa kijana mwenye deni la hofu: duka la shangazi linakufa mikononi mwake, na familia nzima inamtazama. Wiki moja alileta mzigo mkubwa wa mvinyo wenye jina la ukoo unaomiliki shamba moja maarufu sana. Dhahabu ile ile, mtindo ule ule wa maandishi. Akaupanga mlangoni, akaweka kibao kikubwa: mvinyo wa pili wa nyumba ile.

Nilichukua chupa, nikaanza chini. Haukutiwa chupani shambani. Palipopaswa kuwa na jina la eneo dogo, palitajwa mkoa mzima. Yaani ukoo ule ulikuwa umenunua mvinyo kwa wakulima mbalimbali, ukauchanganya, ukauza kwa jina lake. Hilo si kosa. Ni mvinyo halali, na kwa chakula cha kila siku haukuwa mbaya. Kosa lilikuwa kwenye kibao.

Nikasubiri wateja watoke.

"Monsieur Benoît, kibao hiki si sahihi."

"Kwa nini?"

"Huu si mvinyo wa pili wa shamba lile. Ni mvinyo wa biashara wa ule ukoo."

"Jina ni lile lile, Neema."

"Jina la ukoo ndilo. Shamba silo."

"Watu wanakunywa jina."

"Basi andika jina. Usiandike wa pili."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Duka hili halina muda mrefu wa kuishi. Unataka nilifunge kwa sababu ya neno moja?"

Nilimwambia tulete mvinyo wa pili wa kweli, kutoka nyumba ambazo hazijapata sifa kubwa, na mimi mwenyewe nitauuza. Akasema nyumba hizo hakuna anayezijua. Nikamwambia hata hiyo maarufu, ilikuwepo siku ambayo hakuna aliyeijua. Nikaongeza kwamba mteja akiniuliza kuhusu ule mzigo wa mlangoni, nitamjibu vile ulivyo.

Kesho yake alinirudisha stoo.

Mtu akishushwa ngazi kazini, kitu kinachouma si kazi yenyewe. Ni wenzako wanavyojitahidi kutokukuangalia. Papa Ilunga alinipisha nafasi ya kutundika koti, akanywa chai yake, halafu akasema akiwa ameangalia rafu.

"Maman, wee uko na batoto. Na miye, pension yangu iko karibu. Ile kibao ni carton tu. Achana nayo."

"Papa, ni wewe uliyenifundisha kusoma lebo."

"Nilikufundisha kusoma. Sikukufundisha kugombana."

Tukapanga makasha mpaka jioni. Nilimkasirikia, na bado nilijua anasema kwa kunihurumia. Yote mawili yalikuwemo.

Sasa aingie Maman Béatrice. Alikuwa na saluni pale Galerie d'Ixelles, mtu wa Likasi kama Papa Ilunga, na binti yake Carine alikuwa anaolewa na kijana wa Kibelgiji. Baba wa kijana, Monsieur Armand, alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye mikahawa mikubwa, akiwachagulia na kuwamiminia watu mvinyo. Kwa hiyo Maman Béatrice hakulala vizuri. Nyama alijua ataipika, pondu ya majani ya muhogo alijua itasifiwa, lakini meza ya mkwe huyo ilihitaji mvinyo, na yeye hakunywa hata tone. Akaulizia mtu wa kwao anayefanya kazi kwenye duka la mvinyo, akatajiwa Papa Ilunga. Akapanda basi mpaka Uccle.

Mchana ule Papa Ilunga alishuka ngazi polepole. Akasema anahitaji makasha ya ule mvinyo wa mlangoni, ya harusi. Akanieleza harusi ya nani, na mkwe ni nani.

"Umemwambia ule mvinyo ni upi?" nikamwuliza.

"Benoît alikuwa pale."

"Kwa hiyo hukumwambia."

Aliweka mkono juu ya kasha la kwanza, asiliinue. Alikuwa mtu anayebeba kasha huku akiimba, lakini siku hiyo alisimama tu, na mkono wake juu ya zile mbao.

Nikanawa mikono. Nikapanda juu.

Maman Béatrice alikuwa kaunta, amevaa koti juu ya kitenge, mkoba ameukumbatia. Benoît alikuwa anampigia hesabu. Nikamsogelea, nikamwambia kwa Kiswahili, maana nilitaka alisikie kwa lugha isiyomchosha.

"Mama, samahani. Mimi ninafanya kazi hapa. Mvinyo unaochukua si ule ulioandikwa kwenye kibao. Ni mvinyo wa kunywa, haudhuru. Lakini mkweo atajua kwa kusoma lebo tu, kabla hata ya kuonja."

Alinitazama juu mpaka chini. "Lakini banaandika pale."

"Walichoandika si kweli."

Benoît akainua kichwa. "Neema, unamwambia nini mteja?"

"Ninamwambia nilichokuambia wewe," nikamjibu kwa Kifaransa.

Palikuwa na mteja mwingine dukani, mzee na mbwa wake. Akajifanya anasoma lebo. Benoît akawa mwekundu, kisha mweupe, akanyoosha mkono bila kupaza sauti, kama shangazi yake. "Nipe aproni."

Nikampa. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo.

Maman Béatrice akafunga mkoba. "Bon," akasema. "Miye pia natoka."

Msidhani nje alinikumbatia. Tulisimama kwenye kituo cha tramu, mvua nyembamba inanyesha, akanigeukia na hasira zake zote.

"Alors, Maman. Unanifukuzia vin. Harusi iko hii Jumamosi. Nitatoa wapi ingine?"

"Nitakutafutia."

"Wee hauna kazi tangu dakika ile."

"Ndiyo maana nina nafasi," nikasema. Akanitazama, mdomo ukamcheza, lakini hakucheka.

Nilijua ghala moja karibu na mfereji, upande wa Molenbeek, la wauzaji wa jumla waliokuwa wakimletea Madame mizigo zamani. Tukaenda asubuhi iliyofuata. Msimamizi alikuwa mwanamke wa Kiflemi, mkavu, aliyeniambia kwa adabu kwamba wao hawauzi kwa mtu asiye na duka. Nikamweleza. Akarudia. Nikamwambia nitamsubiri. Tukakaa kwenye benchi la mlangoni, na kila alipopita alitukuta. Maman Béatrice alikuwa amebeba maandazi. Tukala. Alipopita mara nyingine nikamkaribisha andazi, akalichukua bila kusimama.

Mwishowe nikampigia Madame Solange kule pwani. Nilimwambia ninahitaji mtu wa kunidhamini kwa neno.

"Kwa nini usichukue dukani?" akauliza.

"Mwulize Benoît, Madame."

Nilisikia redio nyuma yake. Kisha akasema, "Mpe huyo mwanamke simu."

Sijui walizungumza nini. Msimamizi alisikiliza, akasema ndiyo mara kadhaa, akanirudishia simu, akatufungulia mlango wa ndani.

Mle ndani ndimo nilimofanya kazi yangu bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna aliyenilipa. Niliangalia miaka kwanza. Mwaka ulipokuwa mzuri kwa wote, hata wa banc wanacheza vizuri, kwa hiyo hapo ndipo pa kutafuta mvinyo wa pili. Mwaka ulipokuwa mgumu, nyumba inachukua kilicho bora kuiokoa chupa kuu, na wa pili unaweza kubaki mwembamba. Nikatafuta nyumba nzuri isiyopiga kelele. Nikafungua tatu. Ghala lilikuwa baridi, na mvinyo ukiwa baridi unajikunja, unaficha tabia yake. Kwa hiyo nikashika glasi kwa viganja vyote viwili mpaka ikapata joto la mtu. Maman Béatrice akaiga, akiwa ameshika glasi kama mgonjwa anayekunywa uji.

Kwenye wa tatu alinusa, akatulia. "Huyu harufu yake haitishi," akasema. Hakunywa. Lakini tukachukua huo.

Siku ya harusi nilikwenda kumimina. Niliomba mwenyewe. Mtu anayeuza kitu aone kinavyonywewa. Ukumbini Maman Béatrice alinivuta kando akanionyesha majagi ya kioo aliyoazima kanisani.

"Tutie mule," akasema. "Basione ile lebo. Jina lenyewe hakuna mtu analijua."

"Hapana, Mama. Chupa zikae mezani, lebo ikiwatazama."

"Na bakiuliza?"

"Utawaambia ni mvinyo wa pili."

"Mbele ya beau-père, Monsieur Armand?"

"Mbele yake hasa."

Alinichukia kwa muda. Lakini akayarudisha majagi jikoni.

Wakauliza, ndiyo. Ndugu yake mmoja, Tonton Dédé, mtu wa mdomo, aligeuza chupa, akauliza kwa sauti ni vin gani hii isiyo na jina. Maman Béatrice akavuta pumzi, akasema ni deuxième vin ya château fulani, nyumba ya mvinyo. Sasa mnajua kwa Wakongo deuxième bureau ni mwanamke wa pembeni. Tonton Dédé hakuiacha ipite.

"Deuxième vin? Donc ni deuxième bureau ya ile château?"

Ukumbi mzima ukacheka. Waliotoka upande wa bwana harusi wakawa wanaulizana wamesema nini. Nilikuwa na chupa mkononi, na nilijua kwamba kama angegeuka kunitafuta, ningekuwa nimemharibia siku ya mtoto wake.

Hakunitafuta. Akaweka mikono kiunoni.

"Dédé, mambo ya deuxième bureau, wee njo unajua kupita shiye bote hapa. Kunywa kwanza. Kisha utatuambia."

Mke wa Dédé ndiye aliyecheka zaidi. Na Dédé akanywa, kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Monsieur Armand alikuwa ametafsiriwa yote na mwanawe. Alikuwa amecheka kwa adabu. Kisha akavaa miwani ya kusomea, akachukua chupa, akaanza kusoma. Alianza chini. Nilipoona hivyo nikajua nimekutana na mtu wa kazi. Akanyoosha glasi, nikamimina, akanusa, akanywa, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza simu ya mbali.

"Nani amechagua?" akauliza.

Maman Béatrice akanionyesha.

"Miaka yangu yote niliwamiminia watu ule wa kwanza," akasema. "Nilikuwa ninaonja kidogo, ninatema, ninaondoka. Nyumbani kwangu, na mke wangu, Mungu amrehemu, tulikunywa huu. Si nyumba hii, lakini wa aina hii. Jumapili." Akasogeza glasi. "Niongezee kidogo."

Maman Béatrice akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu asubuhi. Chini ya meza nikaona anavua viatu.

Baada ya hapo sikupata duka kwa muujiza. Nilisafisha ofisi majira yote ya baridi, na niliapa kila alfajiri kwamba sitarudi kumwomba Benoît kazi. Lakini watu wa Matonge, mtaa wa Waafrika pale Ixelles, walianza kuniuliza mitaani, na kwa ubatizo na kwa graduation nikawa ninawachagulia. Chumba cha jirani na saluni kilipobaki kitupu, Maman Béatrice alikwenda kwa mwenye jengo kunisemea, na nadhani yule bwana alikubali ili aachwe apumzike. Miezi ya kwanza niliuza maji na juisi kuliko mvinyo. Wanaume waliingia, wakataka lebo kubwa ya kuweka mezani, wakasikia sina, wakaenda kununua bia. Nikaendelea kufungua mlango kila siku. Nikaweka kibao changu: mvinyo wa pili, na chini yake umetoka wapi, mwaka gani, na kwa nini haukuingia kwenye chupa kuu. Watu walicheka kile kibao, lakini walikisoma.

Papa Ilunga hakunipigia simu muda wote huo, wala mimi sikumpigia. Siku moja, akiwa ameshapata pensheni yake, aliingia amevaa tai. Alizunguka rafu zote akisoma, akanyoosha chupa moja iliyopinda.

"Maman, niliogopa," akasema.

"Ninajua, Papa."

"Njo vile tu."

Nikampa kiti. Alikuja karibu kila siku mpaka miguu ilipomkataa, na wateja wengi walidhani duka ni lake. Duka la Uccle lilifungwa. Sikufurahi. Madame Solange alikuwa bado hai, na nilijua atakuwa ameumia.

Kazi imebadilika tena. Mvinyo wa pili wa nyumba kubwa sasa una bei ya zamani ya ule wa kwanza, na wameleta wa tatu. Wateja wanaelekeza simu kwenye lebo, simu inawaambia wafikiri nini. Sawa. Ninyi bado anzieni chini, kwenye herufi ndogo. Mvinyo msiuweke karibu na hita. Ufungueni mapema kabla ya chakula. Na mwenye duka akiwaambia mwite kitu kwa jina lisilo lake, mwambieni hapana mara ya kwanza, kwa upole, mkiwa wawili. Ukiacha mara ya kwanza ipite, ya pili itakuwa ngumu zaidi.

Nilipostaafu, funguo nilimpa Carine, yule bibi harusi. Alikuwa amechoka na kazi ya ofisini, akaja kunisaidia Jumamosi, akabaki. Wiki yake ya kwanza nilikuwa nimekaa pembeni, nimejikataza kusema neno, akaingia bwana mmoja wa koti zuri. Hakutaka kununua. Alitaka chupa tupu za nyumba kubwa, kama tunazo, lebo zikiwa safi. Alisema ni za mapambo, na kwamba atalipa vizuri. Lakini chupa kama hiyo, ikijazwa mvinyo wowote, huuzwa kwa bei ya ule wa kweli. Tulikuwa nayo moja, ya shamba maarufu, ambayo mteja alikuja nayo kuifungua dukani siku ya kumbukumbu ya ndoa yake.

Carine aliniangalia. Mimi nikaangalia mikono yangu. Lilikuwa duka lake.

Akaichukua ile chupa, akaenda nayo kwenye sinki, akafungua maji ya moto. Tulisubiri, mimi na yule bwana. Kwa ukucha wa kidole gumba akainyanyua lebo pembe moja, akaivua taratibu mpaka ikatoka yote, akaikunja, akaitupa. Akaifuta chupa kwa taulo, akaja akaiweka juu ya kaunta mbele yake.

"Hii hapa, Monsieur," akasema. "Chupa ni bure."